Pipa Lisilosuguliwa

Josefina alikuwa mwanamke msafi, na mwenyewe alijijua. Alikulia Kaengesa, karibu na misheni. Huko masista walimfundisha kusugua sufuria kwa majivu mpaka aone uso wake. Alipoolewa na Polikarp na kuhamia Chanji, mjini Sumbawanga, majirani walimtania. Walisema, "Kwa Mama Silvana hata kuku hufuta miguu kabla ya kuingia." Josefina aliyasikia maneno hayo na akayapenda.

Mwaka wa 1975 nyumba yao ilikuwa na bomba. Polikarp alifanya kazi katika karakana ya magari ya barabara, na alijua kushika spana. Alivuta bomba kutoka uani mpaka jikoni, akafunga koki chini kidogo ili isiwe shida kuweka ndoo. Ilikuwa furaha kubwa. Josefina hakubeba tena ndoo kichwani.

Lakini bomba huleta maji tu. Halisemi kama ni safi. Masika yalipoanza, koki ilitoa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Watu mtaani walisema, "Si kitu, ni udongo wetu wa Ufipa." Mimi nikisikia maneno hayo hukasirika. Udongo ni wetu, kweli. Na kinyesi kinachosombwa na mvua hadi mtoni, bomba linakoanzia, hicho ni cha nani?

Masika ya mwaka uliotangulia Josefina na Polikarp walimzika mtoto wao Beda. Alikuwa na miezi kumi na minne. Aliharisha siku nne tu. Sasa aliyebaki ni Silvana, mwenye miaka mitatu, na yeye ameanza kuharisha.

Mganga wa zahanati alisema, "Mchemshie maji ya kunywa."

Josefina alichemsha. Lakini nchi ya Ufipa ni majani na upepo, miti ni michache, na kuni ziko mbali. Tena kulikuwa na jambo jingine. Silvana aliifikia ile koki ya jikoni. Mama akigeuka tu, mtoto amefungua, ameweka mdomo, anakunywa.

"Nimfunge kamba?" Josefina alimuuliza mumewe kwa uchungu. "Nimemzika mmoja. Huyu simziki. Maji yanayotoka kwenye koki ile lazima yawe safi, basi. Nenda kamwite Fundi Muhidin."

Muhidin alikuwa fundi bomba. Ndugu zake walikuwa na duka na lori, lakini yeye alipenda mabomba. Alikuja jioni na mfuko wake wa spana.

"Hodi! Mama Silvana, hamjambo?"

"Hatujambo, Fundi. Karibu. Nataka maji yachujwe kabla hayajafika jikoni. Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Una pipa?"

"Liko moja, la mafuta ya kula."

"Hilo ndilo zuri. Pipa la petroli au la dawa ya mifugo usiliguse kabisa, hata ukilioshaje."

Kazi ilichukua siku mbili. Muhidin alilisakafia pipa kwa saruji ndani, ili lisipate kutu. Chini aliweka bomba lenye matundu, akalifunika kwa kokoto, kisha changarawe. Juu yake akajaza mchanga wa mtoni, mpaka zaidi ya nusu ya pipa. Polikarp aliuosha mchanga huo mara sita, mpaka maji yake yakatoka meupe.

"Sasa tazameni," Muhidin alisema. "Maji yanaingia kwa juu, polepole. Nimeweka boya. Pipa likijaa, boya linafunga. Na hii sahani ya bati inayapokea maji yasichimbe mchanga. Yakishuka mpaka chini, yanatoka kwa bomba hili."

"Mbona bomba la kutokea umelipandisha juu tena?" Polikarp aliuliza. "Si lingetoka chini moja kwa moja?"

"Lingetoka chini, maji yote yangekwisha na mchanga ungekauka. Nimelipandisha mpaka vidole vinne juu ya usawa wa mchanga. Kwa hiyo mchanga unabaki majini siku zote. Kutoka hapo maji yanashuka kwenye pipa dogo lenye kifuniko, kisha jikoni."

"Na maji ya kufulia?"

"Yale tunayapitisha kando, yana koki yake uani, juu, mtoto asiifikie. Ila sikilizeni: njia mbili hizi zisiungane tena huko mbele. Yasiyochujwa yakikutana na yaliyochujwa, tumefanya kazi bure. Na koki hii ya kuingizia maji pipa dogo msiifungue sana. Ndoo moja ijae kwa saa nzima. Ikijaa upesi, maji yamepita mbio, hayakuchujika. Wiki tatu za kwanza endeleeni kuchemsha. Na mchanga msiuguse."

Kabla Muhidin hajakaza nati ya mwisho, Mzee Sebastiani aliingia uani. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, Mzee," Josefina alisema.

"Marahaba. Ndugu Josefina, maji haya yameletwa na serikali. Wewe ukiyachuja, unasema nini juu ya serikali?"

"Nasema imeyafikisha mlangoni, ahsante. Kuanzia mlangoni ni kazi yangu. Si ndiyo kujitegemea, Mzee?"

Polikarp aliinama kuficha kicheko. Mzee Sebastiani hakucheka.

"Watu wote wanywe ya bomba, wewe unywe yako peke yako. Huo ni ubepari wa pipa."

"Mlango wangu hauna kufuli. Anayetaka aje na ndoo."

Mzee aliondoka akiwa amekunja uso.

Wiki tatu zilipita. Maji ya jikoni yakawa meupe kabisa, na wakaacha kuchemsha. Silvana alianza kunenepa. Kisha Jumamosi moja Josefina alifunua pipa akashtuka. Juu ya mchanga kulikuwa na utando wa kahawia, unateleza kama mlenda.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Uchafu kama huo, nyumbani kwake? Alikumbuka kwamba fundi alikataza kugusa mchanga. Akajiambia, "Fundi ni mwanamume. Atajua nini cha usafi?" Akamwaga maji yote. Akauosha mchanga kwa sabuni, akauanika kwenye mkeka, akaurudisha unang'aa. Siku hiyo alilala na moyo mweupe.

Siku ya tano Silvana alianza kuharisha. Siku ya sita macho yalikuwa yameingia ndani, na mtoto alilia bila machozi. Polikarp alimbeba wakaenda mbio hospitali. Siku mbili Josefina alikaa kitandani kwa mwanawe, akimshika mkono wenye sindano ya dripu. Hakusali kwa sauti. Aliogopa kusikia sauti yake mwenyewe.

Silvana alipona. Lakini mtaani Mzee Sebastiani alikwisha kusema kwenye mkutano, "Pipa la ubepari limelaza mtoto. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakagua usafi. Nikikuta uchafu, litatoka."

Muhidin alikuja, akafunua pipa, akanusa.

"Umeosha na sabuni?"

"Nimeosha. Kulikuwa na utelezi mbaya sana."

"Mama Silvana, utelezi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakula wale wanaoleta ugonjwa. Mchanga unazuia tope, lakini utando ndio unaolinda tumbo la mtoto. Unaota kwa wiki tatu. Ndiyo maana niliwaambia mchemshe kwanza."

Josefina alikaa chini kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Na mimi pia. Nilikukataza bila kukueleza sababu. Mtu asiyepewa sababu atafuata akili yake."

"Na utando ukizidi? Maji yakikataa kupita?"

"Hapo unakwangua juu tu, unene wa kidole kimoja, bila sabuni. Kisha unachemsha tena mpaka uote."

Josefina alisimama. "Basi uote. Uote hata uwe kama zulia."

Wakaanza upya. Polikarp alileta kuni kwa baiskeli kutoka mbali, wakachemsha kila tone. Safari hii Josefina alikuwa akifunua pipa kila siku kuutazama utando ukikua. Mkono ulimuwasha, nawaambia kweli. Aliuweka nyuma ya mgongo.

Jumamosi ya ukaguzi Mzee Sebastiani alifika na wanawake wawili wa kamati, Mama Sada na Albina. Walikagua choo, kilikuwa safi. Walikagua jiko, lilikuwa safi. Mzee akafunua pipa.

"Haya! Njooni mmwone msafi wa Kaengesa!"

Albina aliziba mdomo akacheka. "Jamani, Mama Silvana, hata wewe?"

"Leta brashi," Mzee alisema. "Usugue sasa hivi tukiona. Ama sivyo nalitoa."

Josefina aliingia kati yake na pipa. Mgongo wake uligusa bati.

"Sisugui."

"Unasemaje?"

"Nasema sisugui, Mzee wangu. Kwa heshima zote. Nilisugua mara moja, nikakaribia kuchimba kaburi la pili. Niandike mchafu. Nitangaze mkutanoni. Lakini pipa hili mkono hauligusi, si wako wala wangu."

Aliingia ndani, akatoka na glasi mbili. Moja aliijaza kwenye koki ya uani, maji mekundu ya masika. Nyingine aliijaza jikoni, maji yaliyochujwa. Akaziweka juu ya kigoda mbele ya Mzee.

"Hii ya uani ndiyo unayoitetea. Kunywa, Mzee."

Mzee Sebastiani aliichukua ile ya uani. Aliitazama. Tope lilikuwa likishuka polepole kwenye kitako cha glasi. Aliirudisha kwenye kigoda bila kuigusisha mdomo.

Mama Sada alinyoosha mkono, akachukua ile nyingine, akanywa yote.

"Kesho naleta ndoo," alisema. "Na huo utando wako, Mama Silvana, uniambie unavyotunzwa."

Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba kumi waliteka maji kwa Josefina. Kisha wakaanza kutafuta mapipa yao. Muhidin alifunga manne kabla mvua hazijakwisha. Kila mahali Josefina alikwenda naye, na kila mahali alisema jambo moja: acheni utando. Silvana alimaliza masika yaliyobaki bila kuharisha hata siku moja. Alipoona kiu alijifungulia koki mwenyewe, na mama yake aliendelea kupepeta ulezi.

Mwezi wa tano Mzee Sebastiani alikuja akibiringisha pipa barabarani, jasho likimtoka. Mjukuu wake alikuwa ametoka hospitali wiki ileile.

"Nimeleta langu," alisema bila kumtazama Josefina usoni. "Ila ule utando. Mimi ni balozi. Wageni wakifunua, watasema nini?"

"Watasema balozi ni mchafu," Josefina alijibu. Akalishika pipa upande wa pili, wakalisimamisha pamoja. "Waache waseme. Mimi nilisemwa mwezi mzima, na mwanangu yuko hai."