Kichupa cha Saa Saba

Kichupa kimoja cha dawa ya viputo kilikuwa kimetoweka kwenye friji ya chumba cha ultrasaundi. Daktari mkuu alitaka mtu atiwe pingu na kompyuta ya picha ifutwe kabla ya saa kumi. Inspekta, mzee asiyependa kukimbizwa, alijiuliza: kimeibwa kichupa, kompyuta imekosa nini?

"Dawa hii ya kazi gani?"

"Inadungwa mshipani," alijibu mpiga picha, binti mkavu wa macho. "Viputo vyake vinaifanya damu ing'ae kwenye picha. Usipoitikisa kwenye mashine ile, haifai kitu. Ukiitikisa, viputo havikai sana."

Basi mwizi hakwenda mbali. Inspekta alibonyeza mashine ya kutikisa, nayo haijui kumfichia mtu siri: kioo chake kilionyesha imetumika mara ya mwisho saa saba na dakika kumi, wakati wa chakula.

Nje, mama mfagizi alikuwa akipiga deki. Kwenye kiwiko alikuwa na plasta mpya.

"Mama, nani amekudunga?"

"Mbu, mwanangu."

"Mbu wa siku hizi wanabandika na plasta?"

Binti akatokea mlangoni. "Mwache shangazi. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ana uvimbe kwenye ini. Daktari mkuu alimwambia si kitu, akafagie. Nimeomba dawa mara tatu, akasema imewekewa wakubwa. Nikasema liwalo na liwe!" Akawaingiza ndani, akafungua picha kwenye kompyuta. Uvimbe uliwaka upesi, kisha ukazima, ini lote likiendelea kung'aa. "Usio na madhara hauzimi hivi. Huu ni wa saratani, ila bado mdogo, unaweza kukatwa. Andika nimeiba. Kesho nitaiba tena!"

"Amekiri!" daktari mkuu alifoka akiingia. "Mkamate! Picha zifutwe!"

"Unaziogopea nini?" Inspekta aliuliza.

"Miaka ishirini sijakosolewa! Leo nikosolewe kwa ajili ya mfagizi?"

Kumbe hilo ndilo aliloitiwa: kuficha kosa la daktari. Inspekta alimgeukia konstebo aliyekuja naye.

"Konstebo! Picha hizi ni kielelezo. Atakayezigusa, pingu ni zake. Toa nakala mbili: moja ya jalada, nyingine ipeleke kwa daktari wa upasuaji sasa hivi, pamoja na mama."

Binti akanyoosha mikono. "Na mimi?"

"Wewe kaa uandike maelezo. Anza na siku uliyoomba mara ya kwanza, na nani alikunyima."