Sindano Sita za Kaka

Saa 3:40 asubuhi. Chumba cha nyuma, karakana ya friji.

Chuma, bosi wa genge, aligonga meza kwa kidole. "Gari la dawa linashusha ghalani saa tano. Sanduku moja la baridi, sindano za kolesteroli. Dakika tatu, tumetoka. Swali?"

Dereva hakuwa na swali. Hakuwahi kuwa nalo, ndiyo maana alikuwa bado hai.

"Sita za kaka yangu natoa kwanza," alisema Fundi, mtu wa friji wa genge.

"Tushamaliza hilo."

Ugonjwa ulikuwa wa ukoo. Mafuta yaliwajaa kwenye damu tangu utotoni. Baba alianguka ghafla akafa, akiwa na miaka arobaini na moja. Kaka sasa ana arobaini. Vidonge vimeshindwa, zimebaki sindano, na bei yake ni ya kumtoa mtu macho. Fundi alimpenda kaka huyo kuliko roho yake. Ndiyo maana alimwingiza kwenye mpango shemeji, mke wa kaka, mtunza stoo wa ghala lile.

"Kile kipimajoto cha ndani ya sanduku, shemeji?" alikuwa amemuuliza jana yake.

"Nitakitoa mwenyewe. Ila msifungue njiani. Zikipata joto, umemuua kaka yako."

Saa 5:04. Ghalani. Mlinzi alilala chini bila kuambiwa mara mbili. Shemeji alisukuma sanduku. Hakumtazama Fundi usoni.

Saa 5:31. Karakana.

"Fungua."

Barafu. Chini ya barafu, kipimajoto, kitaa chake kikiwaka kijani. Hakuna sindano hata moja. Fundi alifunga vifaa hivyo miaka tisa. Alijua vinatuma joto, na vinatuma mahali vilipo. Alijua, akamwamini mtu wa nyumbani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Chuma alisema, akimwelekezea bastola. "Nani alisema tusifungue?"

Nje, ving'ora. Dereva alikuwa ameshatimka na gari. Chuma alitukana, akageuzia bastola mlangoni.

Fundi alipiga simu ya shemeji. Kaka ndiye aliyepokea.

"Kaka! Mkeo ametuuza!"

"Najua, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemtuma." Sauti ilikuwa tulivu, na hilo lilimuuma zaidi. "Wenye ghala wameahidi kunitibu bure, mradi mke wangu awataje ninyi. Nesi ndiyo kwanza amenidunga."

Tusi lilimfika Fundi mdomoni. Machozi yakalitangulia.

"Imeuma?" akauliza.

"Kidogo," kaka alisema, na askari wakavunja mlango.