Waithira Achagua Daktari

“Hakuna mtu shambani, Mama. Nimetazama mara mbili.”

“Basi hukutazama vizuri,” Waithira alimjibu mwanawe. “Wamesimama kwenye pareto. Wote wamevaa kofia.”

Wahome alisimama mlangoni, viatu vyake vimejaa matope. Mke wake, Ngendo, alimpakata mtoto na hakutaka kukaribia kiti cha mama mkwe wake. Wote watatu walikuwa wakigombana tangu chai ya asubuhi. Nje, ukungu wa Endarasha ulikuwa umefunika shamba. Ilionekana mistari michache tu ya maua meupe.

Asubuhi hiyo Waithira alinusurika. Alikuwa akienda kulisha kuku. Njiani alisimama, akainamisha kichwa kama mtu anayesalimu, kisha akapinda kando kumpisha mtu. Hapakuwa na mtu. Hapo kando palikuwa na shimo la choo kipya, refu, lisilofunikwa. Ngendo alimshika gauni wakati mguu mmoja umeshafika ukingoni.

Walipomuuliza alikuwa akimpisha nani, alisema ni wale wafupi. Walimfika gotini. Nyuso zao zilikuwa pana na macho yao hayakupepesa. Walianza kuja wakati wa mvua. Kwanza walikaa shambani tu. Siku hizi waliingia jikoni wakaketi kuuzunguka moto. Hawakusema neno. Waithira alidhani ni wazee wa kale waliokuja kumwita. Kwa hiyo alikuwa akiwamwagia uji kidogo kizingitini, kama nyanya yake alivyokuwa akifanya.

Ngendo alikuwa ameuona uji huo. Tangu siku hiyo hakumwachia tena mtoto.

“Tuite wazee wa kanisa waombe,” alisema. “Hii nyumba iko na kitu.”

“Waombe,” Wahome alisema. “Lakini kesho Mama anaenda Murang'a kwa Theuri.”

“Siendi kwa Theuri,” Waithira alisema. “Afadhali nibaki na hawa.”

Theuri alikuwa daktari, na ndiye aliyeandikwa kwenye bima ya Waithira. Chama cha ushirika cha pareto kilikuwa na bima ya matibabu kwa wanachama wake wazee. Wahome ndiye aliyemchagulia mama yake daktari. Karibu kulikuwa na madaktari wengine, lakini Theuri alikuwa wa mbari yao, yaani ukoo wao. Wahome alisema mtu hampeleki mama yake kwa mgeni wakati damu yake ina daktari. Hakumuuliza Waithira. Kila safari ya Murang'a ilimaliza siku nzima, na kila mara Waithira alirudi na dawa ya presha tu.

Sauti zao zilivuka ua. Jirani yao, Apondi, alizisikia akaja. Apondi alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Mume wake alifundisha polisi kule Kiganjo, na yeye mwenyewe aliongea kama mtu anayeamrisha gwaride. Aliwaambia Wahome na Ngendo wanyamaze. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Waithira.

“Cucu, hao watu huongea?” aliuliza, akimwita nyanya kwa Kikuyu.

“Hapana, Sista.”

“Wanakugusa?”

“Hapana.”

“Ukifumba macho?”

Waithira alifikiri. “Wanapotea. Nikifumbua wanarudi. Lakini huwa wamesogea karibu.”

Ngendo alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Apondi hakutikisika. Aliinua mkono wake, akauliza ameinua vidole vingapi. Waithira alikaza macho, kisha akasema anaona kitu kama mti. Apondi alimgeuza taratibu kuelekea mwanga wa mlango. Katikati ya kila jicho, mboni ilikuwa nyeupe kama maziwa.

“Mtoto wa jicho,” Apondi alisema. “Mimi si daktari, ni lazima apimwe. Lakini nimeona wazee wengine namna hii. Jicho likififia, akili hujaza mahali patupu kwa picha. Mtu huona watu, maua, hata ukuta ambao haupo. Si wazimu, Cucu. Na hakuna aliyekuja kukuita.”

Waithira aliyafumba macho, akayafumbua, akatazama tena shambani.

“Kwa nini hukumwambia Theuri?” Wahome aliuliza.

“Nimwambie nini? Theuri ni mtoto wa mbari. Nimwambie naona wafu, na Jumapili shangazi zako wote wajue? Nilimwambia ninaumwa kichwa.”

Wahome aliinamisha uso. Apondi aliwaeleza kwamba Theuri hana kosa, kwa maana daktari hatibu asichoambiwa.

Wahome alisema basi wampeleke mama moja kwa moja kwa daktari wa macho. Apondi alimkataza. Alimwambia kwamba bima za wazee hazifanani, na kila mtu aulize yake inasema nini kabla ya kwenda. Kuna bima ya daktari yeyote. Hiyo inakuruhusu kwenda unakotaka, lakini michango yake ni mikubwa, na tena unalipa sehemu ya matibabu mwenyewe. Bima ya Waithira ilikuwa ya daktari mmoja. Michango yake ni midogo, lakini huyo daktari mmoja ndiye mlango. Yeye asipokuandikia barua, bima hailipi daktari wa macho.

“Na usiku akianguka avunjike mguu?” Ngendo aliuliza.

“Ajali ni hospitali ya karibu, mara moja. Hapo hakuna kungoja mlango. Lakini kwa mambo mengine, chagueni mlango ulio karibu. Mumuulize huyo daktari kama anapokea wazee wa bima hii. Mumuulize huwa anawatuma kwa daktari gani wa macho, gani wa moyo. Na awe mtu ambaye mgonjwa anaweza kumwambia yote. Chama kinaruhusu kubadilisha. Nilimbadilishia Mzee Ngatia mwaka jana.”

“Nitamkosea Theuri,” Wahome alisema. “Mbari itasema nini?”

“Mbari haioni kwa macho ya mama yako,” Apondi alisema. “Cucu, mwili ni wako. Wewe unataka daktari gani?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Waithira alijibu polepole.

“Nataka mtu ambaye hajui baba yangu alikuwa nani. Na awe mwanamke.”

Apondi alimtaja Daktari Kasyoka wa mjini Nyeri. Alikuwa kwenye bima hiyo, na daktari wa macho alikuwa ng'ambo ya ua wake.

“Mkamba?” Waithira aliuliza. “Kikuyu changu atakisikia nusu tu.”

“Nusu inatosha. Theuri hukumwambia hata robo.”

Waithira alicheka, akaomba shuka lake. Wahome alisema watakwenda Jumatatu. Mama yake alikuwa ameshasimama.

Walifika Nyeri mchana huo, kabla ya ofisi ya chama kufungwa. Waithira alilitaja jina la daktari mwenyewe, na karani akambadilishia. Chama kilikubali daktari mpya siku hiyo hiyo. Kwa Daktari Kasyoka, Waithira alimwambia Wahome angoje nje, na afunge mlango.

Alisema yote: kofia, macho yasiyopepesa, uji kizingitini. Daktari aliuliza kwa utulivu kama wapo hapo chumbani. Waithira alimwonyesha: mmoja juu ya meza, wawili chini ya dirisha. Daktari alitikisa kichwa kukubali, akawasha tochi, akamulika macho yake. Alisema Apondi alikisia sawa. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na mara nyingi mtu akianza kuona vizuri, picha kama hizo huisha. Aliandika barua, akauliza kama angependa kumwona daktari wa macho wiki ijayo, au ajaribu kumpata sasa.

“Sasa,” Waithira alisema.

Uani wale wafupi walikuwa wengi, wamejipanga kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na wote walikuwa wakimtazama. Waithira alishika mkono wa Wahome, akapita katikati yao, akabisha kwa daktari wa macho.