Abee ya Saa Nne

Mimi na mke wangu tulikaa meza moja katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali. Kila siku saa nne asubuhi, skripti kuu ya mke wangu, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine, ilipanga orodha ya wagonjwa wanaongoja upasuaji. Haikufanya kazi peke yake. Iliita skripti nyingine, nazo zikaita nyingine. Kwa utani wake, kila iliyoitwa iliandika jibu kwenye skrini: zangu "Naam", zake "Abee".

"Hata mashine ifundwe adabu, Profesa," alisema. Hakuna mwingine aliyeniita Profesa.

Mkuu wa kitengo alitaka ripoti safi. Akaniagiza niandike skripti ya kumfuta kila aliyengoja zaidi ya siku tisini. Mke wangu alikataa kuiita.

"Mtu amengoja miezi mitatu, zawadi yake ndiyo afutwe?"

Sikubishana naye. Niliificha ndani ya skripti yangu nyingine, aliyokuwa akiiita kila siku. Akawa anaziita zote mbili bila kujua.

Mwaka huohuo moyo wake ukaanza kuchoka. Akaingizwa kwenye orodha, tukangoja simu. Nilimwambia subira huvuta heri. Msomi mzima, nilimwambia hivyo. Siku ya mia na tano nesi akapitisha kidole kwenye karatasi yake.

"Mama huyu hayumo."

Alikuwa amefutwa wiki mbili kabla, saa nne asubuhi. Akafa Jumanne. Sikuwa nimemwambia kwa nini alifutwa.

Mwezi mmoja baadaye mkuu aliinama mezani kwangu. "Pole tena, ndugu yangu. Ila mafaili ya marehemu yaondoe, yanajaza nafasi."

Niliandika skripti kuu upya, nikafuta zake zote. Kesho yake, saa nne, majibu yakapanda kwenye skrini.

Naam. Naam. Naam.

Abee.

Nilitafuta faili lililoitika. Halikuwepo. Kwenye orodha kulikuwa na mstari mpya: namba ya mgonjwa ya mke wangu. Siku alizongoja: 139.

Nikaufuta. Kesho yake: 140.

"Mzaha gani huu?" mkuu alinong'ona. "Mfute."

Nilimfuta. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, ukihesabu ya kwanza.

Siku iliyofuata sikuweza tena. Mkuu akiwa nyuma yangu, nilifuta skripti yangu, ile ya siku tisini. Kisha nikachomoa nyaya zote ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.

Tukangoja. Skrini nyeusi.

Printa ikaanza kuchapa.

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Haina orodha. Mstari wa kwanza ni neno moja: Profesa.

Nilikuwa sijafungua mdomo kuitika. Wa pili ulikwisha kuandikwa.

Naam.