Nyama Aliyokula Mwewe

Nyamizi alikuwa akipeleka maziwa Igawa alipomkuta mwewe kando ya barabara kuu. Lori lilikuwa limemgonga. Bawa moja lilining'inia. Alimfunga kwenye kanga, akarudi naye nyumbani.

Mumewe, Masanja, alicheka. "Mama Saulo, huyu si ndiye anayemaliza vifaranga vyako?"

"Ndiye. Lakini leo ni mgonjwa."

Masanja alimpigia simu Faustina, daktari wa wanyama aliyekuwa Mbeya.

"Nitafika kesho asubuhi," Faustina alisema. "Mwekeni gizani, kwenye boksi lenye matundu. Msimpe chakula wala maji."

Nyamizi hakuridhika. Mgonjwa asile, atapata wapi nguvu? Kulipokucha alichukua nyama iliyobaki chunguni, akamlisha mwewe kwa siri, akamnywesha na maji. Masanja alipoiulizia nyama yake, Nyamizi akamsingizia paka.

Faustina alifika, akalitazama bawa. "Limevunjika. Nitampiga nusu kaputi alale, ndipo niliunge. Akiwa macho, maumivu na hofu vinaweza kumuua. Amekula?"

Masanja alikuwa amesimama palepale. Nyamizi aliona aibu. Mume kala ugali mkavu, nyama kapewa mwizi wa vifaranga!

"Hajala," alijibu.

Faustina alimwamini, akampima uzito, akamchoma sindano ndogo. Mwewe akalegea, akafumba macho. Punde nyama na maji vikapanda kooni, vikaziba njia ya hewa. Faustina alimsafisha mdomo haraka, akahangaika naye sana. Mwewe hakupumua tena.

Nyamizi aliketi chini akalia. "Nilimlisha mimi, daktari. Nimekudanganya."

"Aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa, mama," Faustina alisema kwa upole. "Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Masanja alimfukia mwewe nyuma ya zizi. "Ungeniambia tu," alisema. "Ningekula mlenda."

Masika yalipokwisha, jirani alileta mwewe mwingine aliyevunjika bawa. Nyamizi alimtia kwenye boksi gizani. Hakumpa kitu, ingawa moyo ulimuuma. Faustina alipofika, Nyamizi hakungoja kuulizwa.

"Kwangu hajala kitu, daktari. Huko alikotoka sijui."

Faustina alimpapasa chini ya shingo, akaona hamna chakula, ndipo akamlaza. Bawa likaungwa. Mwewe akaamka.

Siku ya kumwachia, aliruka juu ya zizi na vifaranga wakakimbilia uvunguni. Masanja alicheka. Nyamizi alikuwa akitazama nyuma ya zizi.

"Baba Saulo," alisema, "hata yule angeruka."