Barua Zilizomezwa na Maktaba

Mwalimu Ramani hakuanza siku bila kutazama barua pepe. Kabla hajafuta ubao, alifungua kompyuta mpakato aliyopewa na shule, akasoma, akajibu. Jina lake halisi wanafunzi walikwisha kulisahau. Alifundisha jiografia, na popote alipokwenda alikuwa na ramani kwapani, basi likawa ndilo jina.

Katika darasa alilolilea alikuwamo binti wa kaka yake. Msichana huyo alikuwa na kifafa. Alimeza dawa zake, akasoma, akacheza, akagombana na wenzake kama mtoto yeyote. Nyumbani alimwita Mwalimu Ramani "shangazi". Shuleni alimwita "mwalimu". Hiyo ilikuwa amri ya shangazi mwenyewe, maana hakutaka watu waseme anapendelea wa kwao.

Hata mama wa msichana, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate, alipewa sharti.

"Wifi," Mwalimu Ramani alimwambia muhula ulipoanza, "ya nyumbani tuyaseme nyumbani. Ya shule niandikie kwenye barua pepe ya shule, kama mzazi mwingine."

"Haya, wifi. Wewe ndiwe mwenye shule," alijibu mwoka mikate, mikono imejaa unga.

Mambo yalikwenda vizuri. Kisha barua zikaanza kupungua. Mzazi mmoja aliuliza mbona hajibiwi. Mwalimu mkuu alisema ametuma ratiba mpya, naye hakuiona. Nyingine zilifika, nyingine hazikufika. Mwalimu Ramani alijisemea, "Ah, mtandao wetu nao!" Akaendelea na kazi.

Siku ya mazoezi ya michezo, mwalimu wa michezo alimuuliza, "Darasa lako wote wanaweza kukimbia leo?"

"Wote," alijibu bila kusita.

Msichana alianguka katikati ya kiwanja. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka. Mwalimu Ramani alikimbia akapiga magoti kando yake.

"Msimshike kwa nguvu! Msimtie kitu mdomoni!" aliwaambia watoto. Akamwekea sweta chini ya kichwa. Mtetemeko ulipotulia, alimlaza ubavu, akamshika mkono mpaka alipozinduka. Lakini alikuwa ameangukia jiwe. Zahanati walimshona nyuzi juu ya jicho.

Mama yake alifika akiwa bado na aproni.

"Wifi, si nilikuandikia?"

"Uliniandikia nini?"

"Kwamba daktari amebadilisha dawa! Kwamba asikimbie kwanza, mpaka mwili uizoee!"

"Sikuipata, wifi. Naapa sikuipata."

"Imekwenda wapi, basi? Jumapili tulikaa meza moja. Hukuniuliza hata neno. Nikanyamaza, maana ulisema ya shule yasisemwe nyumbani." Alimshika mwanawe mkono, wakatoka. Hakuaga.

Mwalimu Ramani alibaki kwenye benchi la zahanati. Alikuwa na hakika kwamba hakuiona barua hiyo. Lakini hakika yake haikumpunguzia kitu. Aliulizwa, naye akasema "wote".

Kesho yake, katika chumba cha walimu, mwalimu mmoja alilalamika, "Waifai imenigomea tangu asubuhi."

"Afadhali wewe, ni waifai tu," alisema Mwalimu Ramani. "Mimi hata wifi kanigomea."

Walimu walicheka. Yeye hakucheka. Fundi wa mtandao, dada aliyekuja kukagua nyaya, aliliona hilo. Alivuta kiti karibu naye.

"Mwalimu, kuna nini?"

Akamweleza yote. Fundi alisikiliza, kisha akauliza, "Barua pepe yako uliwahi kuifungua kwenye kompyuta gani nyingine?"

"Ile ya zamani iliyokuwa humu. Lakini iliharibika, ikapelekwa stoo."

"Ilitengenezwa. Siku hizi iko maktaba. Twende tukaitazame."

Mkutubi waliyemwita Bwana Kimya aliwapokea kwa kuweka kidole mdomoni, ingawa maktaba ilikuwa tupu.

"Hii mimi naiwasha kila asubuhi ili niandike vitabu vilivyoazimwa," alinong'ona. "Kuna dirisha linajifungua lenyewe. Nalifunga. Si langu, silisomi."

Fundi alilifungua dirisha hilo. Lilikuwa programu ya barua pepe. Juu yake palikuwa na jina la Mwalimu Ramani, na chini yake barua zimepangana. Ratiba ya mwalimu mkuu. Barua ya yule mzazi. Na barua ya wifi yake.

Aliisoma akiwa amesimama. Dawa mpya, asikimbie, asipande mahali pa juu. Mwishoni wifi alikuwa ameandika: "Najua ukiwapo wewe, mimi naweza kuoka mikate yangu bila wasiwasi."

Mwalimu Ramani alikaa chini.

"Zimefikaje huku?" aliuliza baadaye.

"Barua zote za shule hufikia kwanza kwenye kompyuta kuu, tunayoiita seva," alisema fundi. "Ifikirie kama sanduku la posta. Wewe una ufunguo, na kompyuta hii pia ina ufunguo, kwa sababu zamani uliiruhusu ikumbuke nywila yako, neno lako la siri. Ikiwashwa, inakwenda sandukuni, inachukua barua mpya, haiachi kitu. Ukija wewe na mpakato yako, unakuta sanduku tupu."

"Na zile nilizozipata?"

"Hizo uliiwahi kompyuta hii."

"Kumbe tulikuwa tunashindana mbio, na mimi sijui!"

"Ndiyo hivyo. Lakini ipo njia nyingine. Programu inasoma barua pale pale kwenye seva na kuiacha huko. Hapo unaweza kuisoma kwenye mpakato, na kwenye simu, na bado ipo. Ni suala la mipangilio."

Mwalimu Ramani alinyoosha mkono. "Basi futa akaunti yangu humu sasa hivi."

"Taratibu, mwalimu. Tukiifuta sasa, barua nazo zitapotea, maana haziko kwingine. Kwanza tuzirudishe kwenye seva."

Walizirudisha. Zilipoonekana zote kwenye mpakato, fundi aliiondoa akaunti kwenye kompyuta ya maktaba. Mwalimu Ramani akabadilisha nywila yake.

"Kwenye kompyuta ya watu wengi, usikubali kamwe ikumbuke nywila," fundi alisema. "Na ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha hakutoshi. Kama angekaa hapa mtu mwingine, asiye Bwana Kimya, siri za wanafunzi na wazazi zingekuwa mdomoni mwa shule nzima."

"Mimi hata jina la mtumaji sikulitazama," alinong'ona Bwana Kimya.

Fundi hakuishia hapo. Aliona walimu wote wanatumia jina moja kuingia kwenye kompyuta za shule, na kila mmoja amepanga programu yake kwa kubahatisha. Alizungumza na mwalimu mkuu. Kila mtumiaji akapewa jina lake la kuingilia. Mipangilio ikawekwa kutoka kwenye kompyuta kuu, hivi kwamba mwalimu akiingia popote anaikuta tayari. Na walimu wakakubaliana jambo moja lisilohitaji fundi: kila barua ya mzazi ijibiwe, hata kwa neno "nimepokea". Mzazi asipoliona neno hilo, apige simu.

Jioni ya siku ile barua zilipopatikana, Mwalimu Ramani alikwenda kwa wifi yake. Tanuri lilikuwa la moto. Alieleza yote, sanduku la posta na ufunguo wa pili.

"Kwa hiyo hukunipuuza," alisema wifi.

"Sikukupuuza. Lakini barua zilikuwa zinapotea, nami niliona, nikasema ni mtandao. Ningeuliza mapema, mtoto asingeshonwa. Na lile sharti langu nimelivunja. Afya ya mtoto niambie popote, hata mezani."

Mwoka mikate aligeuza trei. "Shika kitambaa," akasema. "Nisaidie kutoa hii, isije ikaungua."

Wakaitoa pamoja.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, barua iliingia kwenye mpakato: "Usiku hakulala vizuri. Leo asipande ngazi." Mwalimu Ramani alijibu papo hapo: "Nimepokea." Alimjulisha mwalimu wa michezo. Kisha akakumbuka kwamba somo lake lilikuwa ghorofani.

Aliwakuta wanafunzi wamejipanga chini ya ngazi.

"Chukueni viti, twendeni uani," aliwaambia.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Leo dunia tutaisoma tukiwa chini."

Walicheka, wakabeba viti vyao. Binti wa kaka yake naye akabeba chake, akaenda kukaa katikati ya wenzake.