Mwani wa Profesa

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofunika cherehani yake, akatupia mkasi kwenye pochi kwa mazoea, akachukua bahasha yenye vijiti vya kupimia sukari vya mumewe. Vijiti vya mwezi mzima, kila kimoja na doa la damu iliyokauka. Ndivyo Profesa alivyotaka. Ukihitaji kopo jipya la unga wa mwani, rudisha kwanza vijiti. Ukimuuliza vya nini, anakwambia ni utafiti. Na huyo Profesa, niwaambie mapema, chuo kikuu alikiona kwa nje tu, siku aliyopeleka matangi ya maji.

Lakini msimcheke Fundi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva kwa sababu aliendesha malori miaka ishirini na sita, alikuwa na kidonda kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Kidonda kilikataa kupona. Daktari hakuzunguka mbuyu: sukari isiposhuka, mguu unakatwa. Siku ile Dereva alilia kama mtoto.

"Dereva bila mguu wa kulia ni nini?" aliuliza. "Nitakanyaga mafuta kwa ulimi?"

Fundi alicheka, kisha akalia naye. Akaapa moyoni kwamba mguu ule haukatwi, liwalo na liwe.

Basi wakaangukia kwa Profesa. Na kusema kweli, unga ulifanya kazi. Sukari ilishuka kutoka ishirini na mbili mpaka sita. Kidonda kikakauka. Profesa akasema dawa za hospitali hazipatani na mwani, Dereva akazimwaga chooni zote, na Fundi kwa furaha akamshonea Profesa shati la bure.

Ila siku tatu hizi roho ya Fundi haikuwa imetulia. Dereva alikuwa haongei. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anamtazama tu. Akipita karibu, anamnusa shingo. Na pumzi yake... pumzi yake ilinuka tope la bwawa.

Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Fundi akapiga hodi, akaingia hadi uani. Matangi ya plastiki yalikuwa yamepangwa juu ya meza ndefu, yamefunikwa vipande vya chandarua, na mirija ya hewa ikitoa mapovu ndani yake. Pembeni kulikuwa na masinia ya mwani uliokuwa ukikauka, na mashine ya kusagia. Kila tangi liliandikwa kwa chaki jina la mteja wake.

"Karibu, shemeji," Profesa alinong'ona. "Weka vijiti hapo."

"Mbona unanong'ona?"

"Unasikia."

"Nani anasikia?"

Profesa alielekeza kidole kwenye matangi. Alichukua vijiti akavidumbukiza kimoja kimoja kwenye tangi lililoandikwa DEREVA. Matangi mengine yalikuwa ya kijani cha kupendeza. Hili lilikuwa limekolea mpaka likawa jeusi, na maji yake yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Profesa, hiki ni kitu gani?"

"Ni mwani, shemeji. Wa babu yangu. Ukiulisha damu ya mtu, unamjua. Ukiutuma, unakwenda. Hauna akili, unatii neno tu." Akafuta mikono kwenye shati lile lile la bure. "Lile neno la kunuizia kabla ya kunywa, mumeo analisema vizuri? 'Nitolee sukari ya damu yangu, usiache hata chembe'?"

Fundi akatabasamu kidogo. "Unamjua Dereva, hata maneno anayapitisha njia ya mkato. Anasema, 'Nitolee sukari yangu, usiache hata chembe,' halafu anakunywa."

Mikono ya Profesa ikasimama.

"Sukari yangu. Basi?"

"Basi."

"Na wewe... nyumbani anakuitaje?"

Fundi alirudisha mawazo nyuma. Miaka ishirini ya ndoa, jina lake halisi Dereva alilitamka mara moja tu, siku ya harusi.

"Ananiita sukari yangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Mungu wangu. Shemeji, usirudi nyumbani."

Hakuhitaji kurudi.

Ta... kwaruu. Ta... kwaruu. Mtu alikuwa anakuja uani akiburuta mguu. Harufu ya tope ilitangulia. Kisha Dereva, mtu ambaye kabla ya mwani alikuwa akishikwa mkono ili afike chooni, akatokea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Ute wa kijani ulikuwa umemjaa kwenye meno.

"Sukari yangu," alisema.

"Ndugu yangu, ngoja kwanza," Profesa alianza.

Dereva alimkamata uso kwa kiganja kimoja, akaugonga kwenye mashine ya kusagia. Mfupa ulilia. Akaugonga tena. Alipogonga mara ya tatu uso wenyewe haukuwepo tena, na Profesa alianguka chini akitikisika visigino, halafu akatulia.

Fundi alitimua mbio. Hakufika mbali. Mkono ulimdaka nywele, ukamrudisha nyuma kwa nguvu ambayo Dereva hakuwahi kuwa nayo hata ujanani, ukamzamisha kichwa kwenye lile tangi jeusi.

Maji yalikuwa ya moto. Ya moto kama damu! Vinyuzi laini vilimpapasa midomo, vikaingia puani, vikaanza kuvuta. Alihisi utamu wote wa mwili wake unatoka, mikono inakufa ganzi. Akapapasa pochi. Akaupata mkasi. Akaurudisha nyuma bila kuangalia, ukazama kwenye paja la mumewe hadi kwenye vishikio.

Mkono ukalegea kidogo. Fundi akainua kichwa, akatapika maji, akageuka. Kwenye paja hakukuwa na damu. Ulikuwa unatoka uji wa kijani, mzito, na Dereva hata hakuutazama. Alimpiga Fundi ngumi ya taya, akamvunja meno mawili, akamkaba koo na kumbana ukutani kando ya meza.

Lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Jamani, mtu yule alikuwa analia! Mikono inaua, macho yanaomba msamaha. Midomo ikacheza bila sauti.

*Kimbia.*

Hapo ndipo Fundi alipoona kwamba kifua cha mumewe na maji ya tangi vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja. Akaelewa. Tangi ndilo lililomshikilia. Ndilo lililoishusha sukari, ndilo lililoufufua mguu. Akilimwaga, mguu unakwenda, na pengine mwenye mguu pia. Mtu asiseme hakujua. Alijua, na ilimuuma kuliko taya.

"Nisamehe, mume wangu," alisema kwa pumzi ya mwisho. Akaegemeza mgongo ukutani, akainua miguu yote miwili, akalisukuma tangi.

Lilipinduka likapasuka sakafuni. Dereva alipiga ukelele ambao si wa mtu, akaanguka. Mbele ya macho ya Fundi kisigino kilifunguka, mguu ukawa mweusi kuanzia kwenye vidole mpaka gotini, ngozi ikachanika kama kitambaa kilichooza. Kwenye sakafu mwani ulijikunjakunja, ukaufuata mguu ule, ukaingia kwenye kidonda. Fundi aliung'oa kwa kucha, akalia, akang'oa tena, mpaka majirani walipovunja lango.

Polisi waliandika kwamba Profesa alinaswa na mashine yake. Fundi hakuwasahihisha.

Asubuhi daktari alimkuta kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, taya limefungwa bendeji. Mguu umekatwa juu ya goti, alisema. Mgonjwa amerudishiwa dawa zake. Ataishi.

Akaruhusiwa kumwona. Dereva alikuwa amezinduka, mnyonge, pumzi yake safi. Akamgusa taya.

"Nani kakupiga hivi?" aliuliza. "Niambie nikamshughulikie."

"Nilianguka," Fundi alisema, akambusu paji la uso. Alikuwa amepoteza vita aliyoapa kushinda, na bado alishukuru. Alitoka nje, akarudi kwenye benchi lake, akajifuta macho. Mhudumu wa usafi alikuwa ameshapiga deki, sakafu inang'aa.

Nesi wa chumba cha upasuaji akamjia, akainama karibu na sikio lake.

"Samahani, mama. Ule mguu mmeuchukua nyinyi, mkauzike?"

"Mguu gani?"

"Wa mgonjwa wako. Tuliuweka kwenye ndoo yenye mfuniko." Nesi aliteremsha sauti zaidi. "Mfuniko tumeukuta chini."

 Fundi alikuwa anatazama sakafu. Kutoka mlango wa upasuaji kulikuwa na unyayo mbichi, wa kijani. Halafu nafasi. Halafu unyayo mwingine, na mwingine, zote za mguu wa kulia, vidole vikielekea upande wake. Akazihesabu nyayo, mmoja mmoja, kwa macho, polepole, mpaka wa mwisho.

Ziliishia chini ya benchi alilokalia.